Kura moja ya Chake Chake: maneno ya Kamati ya Tawi kwa wanachama kuhusu majimbo tete

*TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI*



Haya ni maneno yaliyosemwa kwa niaba ya Kamati ya Tawi kwenye mkutano wa wanachama wa Jumapili iliyopita. Wengi mmeomba tuyaandike. Mvua iliwazuia baadhi yenu kufika, na sauti zilizorekodiwa na kurushwa humu zilikatwa katikati, zikaanza kuzungushwa mtaani kana kwamba Kamati imesema kura za tawi hili hazina maana. Hatukusema hivyo. Tumeyaandika karibu kama yalivyotamkwa. Ni marefu, tunaomba radhi, lakini yasomwe mpaka mwisho kabla mtu hajajibu. Mwenye simu amsomee jirani asiye nayo.

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa mashina, wazee wetu, akina mama, vijana,

Tunajua kilichowatoa nyumbani na mvua hii. Wilaya imetutaka tutoe mawakala na watu wa nyumba kwa nyumba waende kusaidia jimbo la jirani, kule ng'ambo ya mto. Gari la matangazo limepelekwa huko. Mabango yamepelekwa huko. Sisi tuliojenga chama hapa, tunaoshinda uchaguzi baada ya uchaguzi, tumeletewa bendera mbili na fulana ambazo nyingi zinawatosha watoto wa darasa la nne. Mama yetu mmoja wa shina aliuliza juzi swali ambalo Kamati haikuweza kulijibu papo hapo: "Kwani kura yangu mimi si kura?"

Ni swali zuri kuliko majibu mengi tuliyozoea kupewa. Tulirudi nalo nyumbani, tukalala nalo, na leo tunajaribu kulijibu. Hatutalijibu kwa kusema "wilaya imeamua".

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu tutabaki tunanung'unika tu. Chukulieni mfano wa kubuni. Pana nchi ndogo yenye majimbo matatu, kila jimbo lina wapiga kura 1,000. Chama A kinashinda jimbo la kwanza kwa kura 900 dhidi ya 100. Shangwe, vigelegele, ngoma mpaka asubuhi. Jimbo la pili kinapata 490, mwenzake 510. Jimbo la tatu vilevile, 490 kwa 510. Jumlisheni sasa. Chama A kina kura 1,880, Chama B kina kura 1,120. Lakini bungeni Chama B kina viti viwili na Chama A kina kimoja. Anayeunda serikali ni B. Zile kura 900 za ngome zilizopigiwa vigelegele zimezaa kiti kimoja, na kiti hicho kingepatikana hata kwa kura 501.

Sasa angalieni upande wa pili wa hesabu hiyo. Katika jimbo la pili, kama watu 11 tu wangebadili mawazo, matokeo yangekuwa 501 kwa 499. Kumi na mmoja, timu ya mpira. Na katika jimbo la tatu vivyo hivyo. Watu 11 kati ya 3,000 wanatosha kugeuza serikali ya nchi nzima, huku wale 2,989 wakiwa wamepiga kura zilezile walizozipiga mwanzo. Jimbo la namna hiyo, ambalo pande mbili zinakaribiana kiasi kwamba watu wachache wanaweza kuligeuza, ndilo tunaloliita jimbo tete. Jimbo ambalo mshindi anajulikana kabla ya kampeni kuanza ni ngome. Sisi ni ngome. Kule ng'ambo ya mto ni jimbo tete. Tofauti yetu ni hiyo tu, haihusu nani anakipenda chama zaidi.

Na kumbukeni jambo ambalo wapiga kampeni wetu wengi hulisahau. Mtu anayehama kutoka upande wa pili kuja kwetu anahesabika mara mbili, maana anawapunguzia wao moja na kutuongezea sisi moja. Mtu wetu aliyelala nyumbani tukamwamsha anahesabika mara moja. Lakini huyu wa pili ni rahisi kumpata mara kumi kuliko yule wa kwanza. Tunapoteza saa nzima kubishana kijiweni na mtu ambaye hatahama hata angeahidiwa pepo, wakati bibi yetu mtaa wa pili hana wa kumshika mkono kumpeleka kituoni.

Mtasema hii ni hesabu ya ubaoni. Basi twende kwenye mambo yaliyotokea, na tuanze hapa hapa kwetu, Zanzibar, kabla ya Muungano.

Mwezi wa Januari 1961 Zanzibar ilifanya uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa 22. Vyama vitatu vilishindana: Afro-Shirazi ya Mzee Abeid Amani Karume, chama cha Nationalist ambacho wengi walikiita Hizbu, na ZPPP ya Mohammed Shamte, iliyokuwa na nguvu zake Pemba. Matokeo yalipotoka Afro-Shirazi walikuwa na viti 10, Hizbu 9, ZPPP 3. Na katika vile viti 10 vya Afro-Shirazi, kimoja kilikuwa cha Chake Chake, Pemba. Kilipatikana kwa tofauti ya kura moja.

Kura moja, ndugu zangu. Hebu kaeni na jambo hilo kidogo. Mahali fulani Chake Chake siku ile palikuwa na mtu ambaye asubuhi alisita. Labda mtoto wake alikuwa na homa, labda karafuu zilikuwa uani zinangoja kuanikwa, labda alisema foleni ni ndefu nitarudi jioni. Hatumjui, na hakuna atakayemjua, maana kura ni siri. Lakini alikwenda. Au upande wa pili, palikuwa na mwingine kama yeye ambaye hakwenda. Kati ya hao wawili, kiti kikaamuliwa, na kiti hicho kikaamua nani awe wa kwanza nchi nzima. Kingekwenda Hizbu, hesabu ingegeuka kichwa chini: Hizbu 10, Afro-Shirazi 9.

Yaliyofuata nayo yana somo. Afro-Shirazi walikuwa wa kwanza lakini 10 katika 22 si zaidi ya nusu. Kila mtu akawageukia wale watatu wa ZPPP. Chama chenye viti vitatu ndicho kilichoshika ufunguo wa serikali. Nacho kikapasuka: wawili wakaenda na Hizbu, mmoja akaenda na Afro-Shirazi. Ikawa 11 kwa 11. Hakuna aliyeweza kuunda serikali ya kudumu. Wenzetu wa Ghana yamewakuta karibu yaleyale juzi juzi tu, uchaguzi wa 2020, vyama viwili vikubwa vilipofungana 137 kwa 137 katika Bunge la viti 275, na mbunge mmoja wa kujitegemea akawa ndiye anayeinamisha mizani. Kwa hiyo msidhani haya ni ya zama za babu.

Zanzibar ikabidi irudi kwenye sanduku mwezi wa Juni mwaka uleule wa 1961. Kiti kimoja kikaongezwa, vikawa 23, ili pasifungane tena. Safari hii Hizbu na ZPPP walifanya kitu cha akili sana, na tuwe waungwana tukiri kwamba kilikuwa cha akili hata kama kuna asiyewapenda. Walikubaliana kuachiana majimbo, wasigawane kura zao wenyewe. Afro-Shirazi wakapata karibu nusu ya kura zote visiwani. Viti wakapata 10. Hizbu wakapata 10, ZPPP 3, wakaungana, wakawa 13, wakaunda serikali.

Mbona nusu ya kura haikuzaa nusu ya viti? Rudini kwenye ule mfano wa ubaoni. Afro-Shirazi walikuwa wanashinda ngome zao, hasa Ng'ambo na mashamba ya Unguja, kwa kura nyingi kupita kiasi, na wakipoteza majimbo mengi ya Pemba kwa tofauti ndogo. Ushindi wao ulikuwa umerundikana mahali pamoja kama mchele uliomwagika sakafuni. Wenzao wa upande wa pili mchele wao ulikuwa umegawanywa kwenye vikombe.

Mwezi wa Julai 1963 ikawa tena, na safari hii wazi zaidi. Viti 31. Afro-Shirazi walipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote. Zaidi ya nusu! Viti walivyopata ni 13. Hizbu 12, ZPPP 6, jumla 18. Mohammed Shamte akabaki Waziri Mkuu, na uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963 ukakabidhiwa kwa serikali ambayo wapiga kura walio wengi hawakuipigia. Mwezi mmoja na siku mbili baadaye, tarehe 12 Januari 1964, ikaja Mapinduzi. Hatusemi kwamba mapinduzi yaliletwa na hesabu ya majimbo peke yake. Palikuwa na ardhi, palikuwa na utumwa uliokuwa bado kwenye kumbukumbu za watu, palikuwa na mengi. Lakini mtu aliyehesabu kura zake zaidi ya nusu, akaambiwa ameshindwa, na si mara moja, huyo ni vigumu kumwambia asubiri uchaguzi ujao.

Na kuna jambo lazima tulitaje hapa, hata kama si la kufurahisha, kwa sababu kuna kijana wetu mmoja kwenye kundi aliandika wiki iliyopita kwamba "huko ng'ambo tukikaza mpaka damu tutachukua". Siku ile ya uchaguzi wa Juni 1961 ghasia zilianza vituoni, watu wakishutumiana udanganyifu, zikaenea mjini, kisha zikaingia mashambani. Waliokufa walikuwa 68. Walikuwa majirani waliokuwa wakikopeshana chumvi. Jimbo tete linawasha watu, ndiyo tabia yake: kila upande unaamini umeshinda, kila upande unaamini umeibiwa, na kila jina kwenye daftari linatiliwa shaka. Kijana wetu ameombwa afute ule ujumbe, ameufuta, tunamshukuru. Hatuna ugomvi naye. Lakini atakayetoka tawi hili kwenda ng'ambo na fimbo mkononi, asiseme ametumwa na tawi hili.

Msidhani tena kwamba haya ni matatizo ya visiwa. Utaratibu wenyewe wa mwenye kura nyingi jimboni kuchukua kiti chote tuliurithi kwa Waingereza, na wao wenyewe umewatoa jasho. Mwaka 1951 chama cha Labour kilipata kura nyingi kuliko Conservative, na bado kikatoka madarakani. Mwezi wa Februari 1974 ikawa kinyume chake: Conservative ya Edward Heath ilipata kura nyingi zaidi kwa laki mbili na ushei, lakini Labour ikapata viti 301 kwa 297, na Harold Wilson akawa Waziri Mkuu. Mwaka 2015 chama cha UKIP kilipata kura zaidi ya milioni 3.8 zilizotapakaa nchi nzima, kikaambulia kiti kimoja. Chama cha SNP cha Scotland kilipata kura karibu milioni 1.5, zote mahali pamoja, kikapata viti 56. Na mwaka 2024 Labour walichukua viti 411 kati ya 650 kwa takribani theluthi moja tu ya kura. Kiti kimoja cha London kinachoitwa Hendon walikipata kwa kura 15. Miaka saba nyuma, 2017, kule Scotland kiti cha North East Fife kilikwenda kwa kura mbili. Mume na mke wakikosana asubuhi wasiende kupiga kura, kiti kimehama.

Mnaona basi kwamba wanaotumia utaratibu huu vizuri hawashindani kurundika kura. Wanashindana kuziweka panapotakiwa.

Mfano mmoja wa mwisho wa nje, na huu ndio unaotuuma zaidi kuliko yote. Afrika Kusini, tarehe 26 Mei 1948. Wapiga kura karibu wote walikuwa Wazungu, Waafrika walio wengi walikuwa nje ya mlango. Waziri Mkuu alikuwa Jan Smuts, mtu mkubwa duniani wakati ule. Chama chake, United Party, kilipata kura zaidi ya laki moja kupita chama cha National cha D. F. Malan. Lakini kura za Smuts zilirundikana mijini, na sheria iliruhusu majimbo ya mashambani yawe na wapiga kura wachache kuliko ya mjini. Malan na washirika wake wakapata viti 79. Wengine wote pamoja 74. Smuts mwenyewe alishindwa jimboni kwake Standerton kwa kura 224. Kwa ushindi huo wa viti vitano, sera ya ubaguzi iliyoitwa apartheid ikawa sheria ya nchi, na haikuondoka mpaka 1994. Wazee wetu hapa mnawakumbuka wapigania uhuru wa ANC na PAC waliokuwa wakiishi kwenye makambi nchini mwetu. Tusiwadanganye, Smuts naye hakuwa rafiki wa Mwafrika, alitawala kwa ubaguzi wake. Lakini nani anaweza kusema ile miaka 46 ingekuwa ileile kama majimbo machache ya mashambani yangekwenda upande mwingine?

Turudi nyumbani, kwenye swali la mama yetu.

Mama, kura yako ni kura. Kwa Rais wa Jamhuri ya Muungano hakuna ngome wala jimbo tete. Katiba yetu inasema mgombea atakayepata kura nyingi kuliko wengine ndiye mshindi, na kura zinajumlishwa nchi nzima. Kura ya hapa na kura ya ng'ambo ya mto zina uzito uleule, gramu kwa gramu. Ghana mwaka 2008 walishindwa kumpata Rais mpaka jimbo moja la Tain, ambalo kura hazikupigwa siku ya marudio kwa sababu ya matatizo ya vifaa, lilipopiga kura yake tarehe 2 Januari 2009. John Atta Mills alishinda kwa tofauti ya kura kama elfu arobaini hivi katika kura karibu milioni tisa. Katika hesabu ya namna hiyo, tawi linalosema "sisi tumeshashinda, hakuna haja ya kujitokeza" linamchimbia mgombea wake kaburi.

Tena kuna wabunge wa viti maalumu vya wanawake. Vile havigawiwi kwa kuhesabu majimbo chama kilichoshinda. Vinagawiwa kwa uwiano wa kura za ubunge ambazo kila chama kimepata, kwa vyama vilivyofikisha asilimia 5. Kwa hiyo hata ile kura ya 900 kwenye ngome, iliyoonekana kupotea kwenye mfano wa ubaoni, hapa kwetu haipotei yote. Dada zetu wa jumuiya ya wanawake wanalijua hili kuliko sisi wanaume wa Kamati, na wamelisema muda mrefu bila kusikilizwa.

Lakini mbunge wa jimbo ni habari nyingine, na hapo hatutawadanganya. Kwa ubunge, kura mia moja za ziada hapa hazimsogezi mtu yeyote. Kura mia moja za ziada kule zinaweza kubadilisha kiti. Wilaya haikukosea kuhesabu.

Ilipokosea, na hili tumeliandika kwenye barua, ni kudhani kwamba kwa kuwa tunashinda basi hatuna shida. Hii ndiyo dhambi ya utaratibu huu popote ulipo. Jimbo tete linabembelezwa na pande zote mbili. Linaahidiwa kisima, linaahidiwa daraja, wakubwa wanafika mpaka mtaro wa mwisho. Ngome inasahauliwa na wote: mwenye ngome anajua itampigia tu, mpinzani anajua haitampigia kamwe. Barabara yetu ya kwenda zahanati mnaijua. Mvua ya juzi akina mama wajawazito wamebebwa mgongoni. Mtu aliyebebwa mgongoni hivyo ukimwambia "wewe ni ngome yetu" anakusikiaje? Tumeiandikia wilaya kwamba tutatoa watu, na katika barua hiyohiyo tumeomba mgombea afike hapa aseme mbele ya wanachama atafanya nini na barabara hiyo. Tumeviandika vyote viwili kwenye ukurasa mmoja makusudi, ili kimoja kisisomwe bila kingine.

Kuna waliosema tukatae kabisa kutoa watu mpaka barabara itengenezwe. Tuliwasikiliza, na katika Kamati wenyewe hatukuwa na sauti moja, tulibishana hadi saa nne usiku. Mwishoni wengi wetu tuliona kwamba tukikataa, atakayeumia ni mgombea wa ng'ambo ambaye hana kosa, na barabara yetu itabaki vilevile. Wasioridhika wamo humu, wana haki ya kutoridhika, na wasiitwe wasaliti. Neno hilo tumeliona likiandikwa humu mara mbili.

Sasa tuungame letu. Uchaguzi wa udiwani uliopita, kata hii, tulipoteza kwa kura ambazo wenyewe wakipanda daladala moja wote wanakaa. Baada ya hapo tulisema mengi kuhusu wapinzani. Lakini sisi wa Kamati tunajua yaliyotokea. Katika kituo kimoja wakala wetu aliondoka jioni kwenda kula kabla ya kuhesabu kuanza, kwa sababu hakuna aliyemletea chakula tangu asubuhi, na aliyepangiwa kumletea ni mmoja wetu tuliosimama hapa. Alirudi kura zimeshahesabiwa. Katika kituo kingine wakala alisaini fomu ya matokeo bila kubaki na nakala yake, hivyo tulipotaka kulinganisha hatukuwa na cha kulinganisha. Na mtaa mzima wa chini ulikuwa kwenye arusi, arusi ya mtu wetu wenyewe, na hakuna aliyewafuata mpaka vituo vimefungwa. Pengine tungeshindwa hata hivyo. Hatutajua kamwe, na ndiyo inayouma.

Kwa hiyo tunaokwenda ng'ambo tunakwenda na mambo machache tuliyojifunza kwa maumivu. Wakala anakwenda na chakula chake na maji yake, na anapewa mwenzake wa kumpokea akienda msalani. Haondoki mpaka kura imehesabiwa na fomu imebandikwa, na nakala ameishika mkononi. Anapiga picha ya fomu pale tu inaporuhusiwa, hagombani na msimamizi. Kura ikiharibika aulize kwa nini imehesabiwa kuwa imeharibika, kwa adabu, aandike. Watu wa nyumba kwa nyumba hawaendi kubishana na wenye msimamo. Wanatafuta wetu waliolegea: mgonjwa, mzee, bodaboda anayesema siku hiyo ni siku ya kazi, binti anayepiga kura kwa mara ya kwanza na anaona haya kuuliza utaratibu. Waulizwe wana kadi? Jina limehakikiwa kwenye Daftari la Kudumu la Wapiga Kura? Wanajua kituo chao? Mengi ya jimbo tete yanaisha kwenye maswali hayo matatu.

Na lisilofanyika: hakuna mwanachama wa tawi hili atakayehamisha taarifa zake kwenda kupiga kura ng'ambo wakati analala hapa. Tumesikia wazo hilo likinong'onwa. Ni kosa kisheria, ni kuwaibia wale watu wa ng'ambo chaguo lao, na mkikamatwa wawili tu, kiti tulichokipata kihalali kinaweza kwenda mahakamani. Wala pesa isitoke mfukoni kumpa mpiga kura, hata ya soda. Tukimwona wa upande wa pili anafanya hivyo, tunaandika saa, mahali na aliyeshuhudia, tunampa wakili wa chama. Hatupigi kelele, hatupigi mtu.

Maswali yaliyoulizwa baada ya hapo yalikuwa mengi. Moja tunaliweka hapa kwa sababu limerudi humu kundini. Mzee mmoja aliuliza: kama utaratibu huu una dosari zote hizi, kwa nini usibadilishwe, kura zikagawa viti kwa uwiano kama wanavyofanya Afrika Kusini tangu 1994? Jibu letu lilikuwa kwamba wapo wanaodai hivyo na hoja yao ina uzito, ila kwa uwiano mtupu unapoteza kitu: mbunge mmoja unayemjua kwa jina, unayeweza kumgongea mlango na kumwonyesha lile tope. Mzee akasema, "Huyu tuliyenaye mlango wake tumeugonga, hafungui." Watu walicheka sana, na kusema kweli hatukuwa na la kuongeza. Mjadala huo tumeupangia siku yake.

Mipango ni hii. Tunahitaji mawakala na wasaidizi 15 wa kwenda ng'ambo, angalau 6 wawe akina mama. Nauli na chakula ni juu ya tawi, tumeshachanga nusu, michango mingine apewe Mweka Hazina na risiti itolewe. Majina yamfikie Katibu kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, siyo kwa kuandika humu kundini. Mafunzo ya mawakala ni Jumamosi saa tatu asubuhi, ofisi ya tawi, atakayechelewa hataandikishwa. Viongozi wa mashina wanaobaki walete orodha ya wazee na wagonjwa watakaohitaji kupelekwa vituoni hapa hapa kwetu, maana Rais naye anahesabiwa hapa. Barua ya barabara imepokelewa wilayani, tunayo nakala yenye muhuri, anayetaka kuiona aje ofisini. Ikijibiwa tutaituma humu kama ilivyo.

Na yule mwenye arusi mwezi huo, tunamwomba kwa heshima zote atuambie tarehe mapema.

Imetolewa na Kamati ya Tawi.